Nairobi hadi New York: usihesabu masaa kwa kuangalia tiketi tu

Jamani mnaosafiri Nairobi kwenda New York, saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji kivyake, kwa hiyo ukiona unaondoka 23:30 (saa tano na nusu usiku) na unatua 07:30 asubuhi usidhani ni safari ya masaa nane, hapo ongeza saba za tofauti ya saa, ni kama 15 hewani kwa ndege ya moja kwa moja, umbali karibu kilomita 11,800. Hiyo saba ni Marekani wakiwa kwenye saa za kiangazi, kuanzia Machi hadi mapema Novemba, baada ya hapo inakuwa nane.

Kurudi ni kama masaa 14 hivi kwa sababu kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki na unaisukuma ndege.

Sasa kama unamsafirisha mzazi anayemeza dawa za presha au sukari hili ni muhimu sana, muulizeni daktari kabla ya safari dozi azipange vipi, na dawa zikae kwenye begi la mkononi, sio kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege.

Halafu tarehe. Tiketi ikisema 00:30 ya tarehe 5, eapoti unaenda jioni ya tarehe 4, ukingoja usiku wa tarehe 5 ndege imeshaenda zamani.