Waifai ya bure: hatari kubwa ipo pale unapojiunga

Mwaka 2010 ilitoka Firesheep, programu iliyomwezesha mtu aliyekaa mgahawani na kompyuta yake kuingia kwenye akaunti za Facebook za watu wa meza za jirani waliotumia waifai isiyo na nenosiri. Mwanya huo umezibwa kwa kiasi kikubwa. Leo tovuti na programu nyingi hutumia HTTPS, yaani njia inayoficha mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti, hivyo anayenasa mawasiliano hewani kwa kawaida huambulia jina la tovuti, si ulichoandika. Wezi wamehamia kwenye mitandao bandia na kurasa bandia.

Kabla ya kujiunga, muulize mhudumu jina kamili la mtandao wao. Simu ya kawaida inatosha kurusha hotspoti yenye jina lilelile la hoteli, na simu yako haiwezi kujua ipi ni ya kweli. Nenosiri lililobandikwa ukutani halisaidii hapa. Mwizi naye amelisoma, ataliweka kwenye ya kwake.

Ukishaunganishwa, mara nyingi hufunguka ukurasa wa kujisajili. Kuombwa namba ya chumba, namba ya simu au msimbo ulio kwenye risiti ni kawaida. Ukiombwa nenosiri la Gmail, PIN ya pesa za simu, au kusakinisha programu au cheti (faili la kuthibitisha kuwa tovuti ni ya kweli), ufunge na uondoke. Ukurasa usipotokea, andika neverssl.com kwenye kivinjari: tovuti hiyo haitumii HTTPS makusudi, hivyo mtandao huweza kukupeleka kwenye usajili.

Kivinjari kikionya kwamba muunganisho si salama, angalia mambo mawili: je, umemaliza kujisajili, na tarehe ya simu ni sahihi? Kama yote yako sawa na onyo bado lipo, usibonyeze kuendelea. Toka. Na alama ya kufuli isikupumbaze, maana tovuti ya kitapeli nayo hupata cheti bure. Soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi.

Mambo ya benki yafanye kwa bando lako, waifai ikiwa imezimwa. MB chache zinatosha. Menyu za kupiga, kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania, hazipiti kwenye waifai kabisa. VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako yakiwa yamefichwa kupitia kompyuta za mmiliki wake, inasaidia, lakini mwenye VPN huona yale ambayo mwenye waifai angeyaona, kwa hiyo ya bure isiyojulikana mmiliki wake ni afadhali uiache. Wala haikukingi na ukurasa bandia.

Kwenye Windows, chagua kuwa mtandao ni wa umma ili kompyuta yako isionekane kwa wengine.

Ukiondoka, ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao, kisha chagua kuusahau. Usipofanya hivyo, na mtandao huo haukuwa na nenosiri, simu inaweza kujiunga yenyewe na mtandao mwingine wowote usio na nenosiri wenye jina hilo, hata mji mwingine, ikiwa mfukoni.

Ikitokea umeshaandika nenosiri kwenye ukurasa wa kitapeli, zima waifai, washa data, badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kwa kuwa ndilo linalofungua mengine yote, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Kama ni PIN, ibadilishe papo hapo na upigie huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu.