Somo: Kusajili kifo na kupata cheti cha kifo (Tanzania Bara)

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi, na wengi wa waulizaji wakiwa bado msibani, ndiyo maana nimeona niliandike mara moja kwa ukamilifu.

1. Kifo kikitokea hospitalini, chukueni tangazo la kifo (fomu ya kuarifu kifo, si tangazo la redioni) na kibali cha mazishi.

2. Kikitokea nyumbani, mwarifuni afisa mtendaji wa kijiji au wa kata ya mahali hapo.

3. Hakikini majina kabla hamjaondoka dirishani. Baba yangu alipofariki, ndugu yetu mmoja alimtajia mwandishi jina ambalo mtaa mzima ulimwita marehemu, wala si lile la kwenye kitambulisho chake, na katika majonzi yale hakuna aliyeisoma karatasi. Cheti kilitoka na jina hilo. Tulipofungua mirathi tuliambiwa kwamba aliyefariki na mwenye akaunti ya benki ni watu wawili, tukaanza safari za viapo na masahihisho huku mama akikaa miezi bila kuweza kugusa fedha za mumewe. Nendeni na kitambulisho cha marehemu, msome herufi kwa herufi, kwa maana Mohamed na Muhammad si jina moja mbele ya karani.

4. Ndani ya siku 30, pelekeni tangazo kwa msajili wa wilaya, katika ofisi ya mkuu wa wilaya, au ombeni kupitia eRITA, mfumo wa mtandaoni wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.

Swali: Cheti kinatolewa wapi?
Jibu: Hatua ya nne.

Swali: Jirani yetu anasema kibali cha mazishi kinatosha.
Jibu: Kinatosha kuzika, si kufungua mirathi. Sikuandika somo hili kwa kusikia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mjomba alifia Unguja, ilhali kwao ni Tanga. Tuanzie wapi?
Jibu: Marahaba, na poleni sana. Usajili hufuata mahali kifo kilipotokea, si kwao marehemu. RITA inahudumia Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii, basi anzieni huko.

Swali: Siku 30 zikipita?
Jibu: Swali zuri. Kifo bado husajiliwa, ila ada na ushahidi unaotakiwa huongezeka. Tafuteni mapema barua ya mtendaji na vitambulisho vya marehemu.

Mchango: Muhtasari wa kikao cha ukoo nao uandike majina yaleyale ya kwenye cheti.
Jibu: Ahsante, dada. Na cheti halisi kibaki nyumbani. Benki ipelekewe nakala iliyothibitishwa na wakili.