Kukata video ya Maulidi bila kuitesa laptopu kuukuu

Ukiwa Lamu na video ya saa mbili ya Maulidi pale msikiti wa Riyadha, nawe wataka dakika kumi tu za matwari (ngoma ndogo za mkono), usiifungue kwenye programu nzito. Avidemux ni ya bure, ni nyepesi, na yatosha kabisa.

Kushoto, sehemu ya video na ya sauti zote ziache kwenye "Copy". Chini yake chagua MP4 Muxer, yaani kifungashio cha faili ya MP4. Kwa namna hii programu haitengenezi upya picha hata moja. Yahamisha data kama ilivyo, kwa hiyo ubora haupungui na kazi huisha upesi.

Penye kukosewa ni mwanzo wa kipande. Video haihifadhi kila picha kamili: nyingi huandika mabadiliko tu kutoka picha nyingine. Ukianza kukata kwenye picha hizo zisizo kamili, sekunde za kwanza hutoka na vipande vya kijivu vilivyovurugika. Basi bonyeza mshale wa juu au wa chini kwenye kibodi, sio wa pembeni, mpaka chini ya skrini usome "I-FRM", yaani picha kamili. Hapo ndipo uweke alama ya A. Alama ya B iweke mwisho wa kipande.

Kisha Ctrl+S, na jina jipya lenye .mp4 mwishoni. Faili ya asili usiiandikie juu hata kidogo. Dufu la Maulidi yale halirudiwi.