Kabla ya kuwasha nebulaiza: matayarisho ya nyumba yenye mgonjwa wa sistiki faibrosisi

Mwenye pumu huwasha nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, anapobanwa. Mgonjwa wa sistiki faibrosisi huiwasha kila siku, mara nyingi asubuhi na jioni, hata siku anazojiona mzima. Ugonjwa huu ni wa kurithi: mtoto huupata akipokea jeni ya CFTR yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Chumvi na maji havipiti inavyotakiwa kwenye kuta za njia za hewa, makohozi yanakuwa mazito kama gundi, na bakteria wanapata makazi. Wapo wanaosema ni maradhi ya Wazungu. Si kweli. Afrika Kusini kuna badiliko la jeni, 3120+1G>A, linalojulikana hasa kwa wagonjwa Weusi.

Jambo la kwanza ni kumwomba daktari aandike dawa zote kwenye karatasi moja kwa mpangilio wa kuvutwa, kisha uibandike karibu na mashine. Kwa kawaida hutangulia dawa ya kupanua njia za hewa, kama salbutamoli, yakafuata maji ya chumvi ya asilimia 7 ya kulainisha makohozi, kisha mazoezi ya kifua ya kuyatoa. Antibiotiki huja mwisho, kwa sababu ukiivuta kifua kikiwa kimejaa, inatua juu ya makohozi na kukoholewa nje pamoja nayo. Dornasi alfa, inayokata unato wa makohozi, kliniki nyingine huiweka kabla ya mazoezi na nyingine baada yake, fuata uliyoambiwa. Usichanganye dawa mbili kwenye kikombe kimoja cha mashine ili kuokoa muda, na dornasi alfa ndiyo kabisa haitaki mwenzake.

Maji ya chumvi yanaweza kubana kifua ghafla. Ndiyo maana dozi ya kwanza huvutwa kliniki, mgonjwa akipimwa pumzi kabla na baada. Ukikabidhiwa boksi uende ukaanzie nyumbani, uliza kwanza. Na usijaribu kukoroga chumvi ya jikoni, hata kama duka la dawa limeishiwa.

Kisha tazama friji. Dornasi alfa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, mbali na mwanga, na isigande. Tobramisini, antibiotiki ya kuvuta, nayo huhifadhiwa hivyo. Maelekezo yake yanaruhusu ikae nje hadi siku 28, lakini kwa joto lisilozidi nyuzi 25. Hapo watu wa pwani wajihadhari. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari huvuka kiwango hicho asubuhi na mapema, kwa hiyo ruhusa hiyo kwetu ni ya kwenye karatasi tu. Weka dawa rafu ya katikati, si mlangoni, wala isigusane na sehemu ya barafu. Kipimajoto kidogo cha friji ni ununuzi wa maana. Tobramisini, kwa dozi ya kawaida ya miligramu 300 mara mbili kwa siku, huvutwa siku 28 na kupumzishwa siku 28, basi zungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani mapema. Kati ya dozi na dozi ziwe saa 12 hivi, zisipungue 6. Masikio yakianza kuvuma, mwambie daktari.

Kolistini, antibiotiki nyingine ya kuvuta, ina sharti lake: huchanganywa pale pale inapotaka kuvutwa. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kifo cha mgonjwa aliyetumia kolistini iliyochanganywa mapema, maana ikishakuwa majimaji huanza kugeuka kitu kinachodhuru mapafu. Mazoea ya kuandaa za wiki nzima Jumapili jioni yasiingie hapa.

Usafi ndio unaochukua jasho. Bakteria wanaoogopwa zaidi kwenye ugonjwa huu, kama Pseudomonas, wanapenda unyevu, na kikombe cha dawa kilichoachwa na tone chini ni nyumba tosha kwao. Baada ya kila dawa, fungua sehemu zote, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto. Mara moja kwa siku ua vijidudu: ikiwa kijitabu cha mashine kinaruhusu, chemsha sehemu hizo dakika 5, ukihesabu kuanzia maji yanapotokota. Tenga sufuria ya kazi hiyo peke yake, isiyopikiwa mchuzi. Siki haitoshi. Ukishachemsha usisuuze tena kwa maji ya bomba, utakuwa umerudisha ulichokiua. Hata maji ya chupa ya kunywa hayana uhakika huo. Toa vipande kwa mikono safi, vitandaze juu ya karatasi safi mbali na sinki, vikauke vyenyewe. Mrija wa hewa hauoshwi. Ukiwa na unyevu ndani, washa kompresa, yaani mashine yenyewe inayosukuma hewa, bila kikombe dakika chache. Kuwa na vikombe viwili au vitatu ni nafuu kubwa, kwani kimoja kinakauka huku kingine kinatumika.

Jirani mwenye mtoto wa pumu atakuja kuazima. Ni vigumu kumnyima mtu usiku, lakini kikombe, barakoa na kipande cha mdomoni haviazimwi, hata baina ya ndugu wawili wa nyumba moja wenye ugonjwa huu. Afadhali umpeleke hospitali.

Chumba kisiwe na moshi: udi, ubani, jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma vyote vingoje. Kiti kiwe cha kukaa wima. Mvuke hauvutwi mara tu baada ya kula, maana kikohozi kitaleta kutapika.

Mwisho ni umeme. Shangazi wa Marekani akikutumia mashine, soma kibandiko cha chini kabla ya kuichomeka: ikiwa imeandikwa volti 110 au 120 pekee, umeme wetu wa 230 au 240 utaiunguza. Kama kwenu umeme hukatika mara kwa mara, ulizia mashine yenye betri, na uwe na boksi la baridi lenye vipande vya barafu vilivyofungwa kwa kitambaa ili dawa zisigande. Andika pia saa umeme ulipokatika, kwa sababu dornasi alfa iliyokaa kwenye joto la chumba zaidi ya saa 24 kwa jumla hutupwa, hata kama bado ni angavu kama maji.