Hogo likitoka ndo kazi inaanza: viatu vya fimbo kwa mtoto wa mguu kifundo

Wazazi wenzangu wenye watoto wa mguu kifundo habari zenu, leo nataka tuongelee viatu tu, vile viwili vilivyounganishwa kwa fimbo, maana hogo (ile plasta ngumu, POP) wengi mshazizoea. Kwa yule ambaye ndo kwanza kajifungua na kaona kanyayo kamegeukia ndani, kwa ufupi: njia inaitwa Ponseti, jina la daktari aliyeianzisha kule Iowa, Marekani, mguu unanyooshwa taratibu kwa mkono unafungwa POP mpaka juu ya goti, wiki ijayo inatolewa, unanyooshwa tena, unafungwa nyingine, mara nyingi ni hogo 5 mpaka 7 hivi, halafu watoto wengi wanakatwa kano la nyuma ya kisigino na hogo la mwisho linakaa wiki 3. Likitoka hilo mguu umenyooka, unapiga picha unamtumia bibi yake. Hapo hapo ndo tunapoharibu.

Mimi niliharibu. Tulikuwa na msiba kijijini, nikavua viatu ili nisisumbuke kwenye basi, kufika huko mama mkwe akasema mtoto mmemfunga kama mbuzi, mguu si umeshapona jamani, nami nikajikuta wiki 2 sijavivalisha. Kurudi, kisigino kimeanza kupanda na nyayo inaingia ndani, tukaanza tena hogo 2. Mtaalamu wala hakunigombeza, aliniambia tu mguu huu unakumbuka ulikotoka.

Ratiba iko hivi: miezi 3 ya kwanza masaa 23 kwa siku, yaani lile saa moja ni la kuoga tu. Baada ya hapo usiku kucha na usingizi wa mchana, mpaka afike miaka 4. Ndiyo, minne, hata kama anatembea na anacheza mpira. Na hata kama mguu mbovu ni mmoja vinavaliwa viwili, maana ile fimbo ndo inayoshikilia miguu igeukie nje, kiatu kimoja hakina kazi.

Kuvalisha sasa. Soksi ya pamba inayofika juu ya kiatu, isiwe na mkunjo. Anza na mguu uliokuwa mbaya zaidi, ila mtoto akiwa mrusha mateke anza na ule mzuri, maana kiatu cha pili mara nyingi anakipigia teke mwenyewe mguu unaingia. Kunja goti, sukuma kisigino mpaka kikae chini kabisa, ndo unabana mkanda wa katikati, kamba za viatu ni baadaye. Viatu vingi huku kwetu ni ule mtindo wa Steenbeek, ulianzia Uganda, vinashonwa kwa ngozi na fimbo ya chuma na mafundi wa hapa hapa, na nyuma vina katundu, chungulia hapo, usipokiona kisigino kimekaa chini fungua uanze upya. Mimi nilikuwa naona uvivu kuchungulia mpaka siku nilipokuta lengelenge. Malengelenge wengi wanadhani viatu vimebana, mara nyingi ni vimelegea, mguu unateleza ndani unasugulika. Na usipake vaselini wala losheni penye wekundu, ngozi inalainika ndo inazidi kuchubuka, we kaza mkanda vizuri, kikiendelea wahi kliniki. Angalia na vidole pia, bonyeza kimoja kiwe cheupe kisha kirudi rangi yake, kisiporudi umekaza mno.

Kulia atalia, hilo lipo. Usiku wa kwanza hadi wa tatu ni mtihani kwa nyumba nzima, ila ukivua kila akilia anajifunza kwamba kilio kinavua viatu na hapo umekwisha. Kagua kama hakuna kinachomuumiza, kisha cheza naye: shika fimbo, sukuma magoti yajikunje yote mawili, vuta yanyooke, sukuma, vuta, maana anajaribu kupiga teke mguu mmoja mmoja na fimbo inamkatalia, akigundua kwamba inaenda miguu yote pamoja hasira inaisha, wa kwangu baadaye alikuwa anatumia ile chuma kugonga ukuta saa kumi alfajiri majirani wote wanaamka. Kwa hiyo viringishie fimbo kitambaa au sponji mapema, hata nyinyi mnaolala naye mtapona visigino... yaani ugoko, umepigwa chuma ugokoni hujui hata ulale vipi.

Kumbeba mgongoni kwa kanga kama tulivyozoea haiwezekani, fimbo hairuhusu miguu izunguke kiuno chako, mbebe mbele au ubavuni miguu yote upande mmoja. Nguo nunua zenye vifungo katikati ya miguu au magauni, hata wa kiume jamani usiku nani anamuona, suruali utaishia kuvua viatu kila ukibadilisha nepi.

Na watu wa nyumbani wafundishe wote, dada wa kazi, bibi, baba. Baba hasa, zamu ya usiku avalishe yeye. Ukisafiri beba viatu kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi la kwenye buti.

Vikiwa vidogo utajua, vidole vinaanza kujikunja kwenye ncha ya kiatu au kuning'inia nje. Ukiona hivyo usisubiri tarehe ya kliniki, piga simu uulize kama saizi inayofuata ipo, na usivue vile vya zamani mpaka vipya viwe mkononi.