Somo: Kuandaa timu ya watu 4 kutembea kilomita 100 kwa ajili ya askari wa zamani wa Kigurkha

Trailwalker ni matembezi ya kilomita 100 kusini mwa Uingereza, ambayo timu ya watu 4 hutakiwa kuyamaliza kwa saa zisizozidi 30, na michango yake huwafikia askari wa zamani wa Kigurkha waliorudi kwao Nepal baada ya kulitumikia jeshi la Uingereza. Yalianzia Hong Kong mwaka 1981, yakiwa zoezi la Wagurkha wenyewe katika njia ya MacLehose, na mwaka 1997 yakafanyika kwa mara ya kwanza Uingereza, katika vilima vya South Downs. Ninaandika kwa ajili ya wanachama wenzangu wa kikundi chetu wanaotaka kuunda timu yao ya kwanza.

Hatua ya kwanza: jueni mnatembea kwa ajili ya nani. Msianze na viatu. Kwa miaka mingi askari wa Kigurkha alihitaji kutumikia miaka 15 ndipo apate pensheni ya jeshi. Maelfu walioandikishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wengine waliopunguzwa jeshini katika miaka ya 1960, walirudishwa nyumbani kabla ya kutimiza miaka hiyo, wakazeekea milimani bila malipo yoyote ya kudumu. Kwa sababu hiyo shirika la Gurkha Welfare Trust liliundwa mwaka 1969. Shirika huwalipa wazee hao na wajane wao posho ya kujikimu, lina nyumba za kuwatunzia wazee katika miji ya Pokhara na Dharan huko Nepal, na huwapeleka wahudumu majumbani kwa wale ambao miguu yao haiwezi tena kuwafikisha kwenye kituo cha shirika. Anayeombwa mchango aelezwe habari hii kwa ukamilifu, kwa kuwa watu huchanga zaidi wanapojua mzee atapata nini. Mchangiaji anayelipa kodi Uingereza akumbushwe kuidhinisha mpango wa Gift Aid, ambao huliwezesha shirika kudai peni 25 zaidi serikalini kwa kila pauni 1 aliyotoa.

Hatua ya pili: chagueni watu 4 wenye mwendo unaokaribiana. Urafiki ni mzuri, lakini hautoshi. Tembeeni pamoja kilomita 25 kabla ya kujiandikisha, kisha mkubaliane kwamba anayekwenda polepole kuliko wote ndiye atakayekaa mbele na kuweka mwendo, na asionewe haya wala asiharakishwe. Tafuteni pia wasaidizi 2 wenye gari, watakaowasubiri njiani na maji, chakula na soksi kavu.

Hatua ya tatu: pigeni hesabu ya saa. Hapa ndipo timu nyingi hushindwa, na yetu ilikaribia kushindwa. Mkitembea kilomita 4.5 kwa saa, kilomita 100 zitawachukua saa 22 na dakika chache, kwa hiyo mtabakiwa na saa zisizotimia 8 kwa ajili ya kula, kujitibu na kupumzika. Zinaonekana nyingi. Hata hivyo, katika safari yetu ya kwanza kila kituo tulichopanga kukaa dakika 15 kilituchukua dakika 40, kwa sababu mmoja alimaliza kula ndipo mwingine akaanza kufungua viatu. Tangu hapo msaidizi mmoja hushika saa, na kabla hatujafika kila mtu huwa amekwisha kusema anahitaji nini.

Hatua ya nne: fanyeni mazoezi kwa miezi 5 au 6. Vilima vya South Downs si virefu, lakini vinachosha kwa kupanda na kushuka mfululizo: njia hushuka hadi mto Arun karibu na Amberley, na mara ikapanda tena. Ardhi ni chaki yenye mawe ya gumegume. Mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Zoezeni mteremko kwa bidii ileile ya mwinuko, maana magoti huumia wakati wa kushuka, na angalau mara moja mtembee usiku kucha mkiwa na tochi za kichwani.

Hatua ya tano: tunzeni miguu. Pakeni mafuta ya mgando kabla ya kuondoka, badilisheni soksi kabla hazijalowa jasho kabisa, na mara mtu ahisipo joto la msuguano timu nzima isimame abandikwe plasta. Lengelenge lililopuuzwa kwenye kilomita ya 30 ndilo humtoa mtu kwenye kilomita ya 70.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi nina kasi kuliko wenzangu. Je, siwezi kutangulia nikawangojea kituoni?*
Marahaba. Hapana, mwanangu. Timu hutembea pamoja. Nguvu uliyo nayo itumie kumbebea mwenzako mkoba saa nane ya usiku.

*Mmoja akishindwa kuendelea, je, timu nzima imetoka?*
La. Mfikisheni kwanza kituoni mikononi mwa wahusika, kisha waliobaki waendelee. Msimwache peke yake njiani kwa hali yoyote.

*Buti au raba?*
Chochote ulichokwisha kutembelea kilomita 200 bila kuumia. Kiatu kipya kibaki dukani.

*Babu yangu alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) akapigana Burma. Je, wazee wetu hawana wa kutembea kwa ajili yao?*
Swali lako limenigusa, dada. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944, kwenye vita hivyohivyo walivyopigana Wagurkha. Lipo shirika la Royal Commonwealth Ex-Services League, lililoanzishwa Cape Town mwaka 1921, ambalo huwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao walio katika dhiki. Nimelipendekeza kwa kikundi liwe mnufaika wa matembezi yetu ya mazoezi ya kilomita 50, na ukikubali, ningependa wewe ndiwe uwaeleze wachangiaji habari za babu yako.