Namna ya Kukokotoa Kama Sola ya Nyumbani Itakulipa

Usianze kwa kuuliza bei ya paneli. Anza kwa kukusanya bili zako za umeme za miezi 12 iliyopita, jumlisha uniti ulizotumia, kisha gawanya kwa 365 upate wastani wa siku. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Baada ya hapo, soma mita saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kwa muda wa wiki moja, ili ujue ni kiasi gani hutumika mchana na kiasi gani usiku. Watu wengi huiruka hatua hii, ilhali ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Tuchukue nyumba inayotumia uniti 6 kwa siku, 3 mchana na 3 usiku. Paneli 5 za wati 400 zikipata saa 5 za jua kamili zinapaswa kutoa uniti 10, lakini joto, vumbi, nyaya na inveta (kifaa kinachobadili umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) hula takriban robo, zikabaki 7.5. Muuzaji atapenda kuziita zote akiba yako. Kama huna betri, na shirika la umeme halikulipi kwa ziada inayoingia kwenye gridi, yaani mtandao wake wa nyaya, unachookoa ni zile 3 za mchana tu, sawa na uniti 1,095 kwa mwaka. Ukihamishia mchana kazi za kupiga pasi, kufua kwa mashine na kupandisha maji tangini, ukafikia uniti 4.5, akiba hupanda hadi takriban 1,640 bila kununua kifaa kingine chochote. Zidisha uniti hizo kwa bei ya uniti moja, kisha gawanya gharama yote, ikiwemo ya fundi, kwa jibu ulilopata: hiyo ndiyo miaka ya kurudisha fedha zako.

Paneli kwa kawaida huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25, zikipoteza takriban nusu asilimia kila mwaka. Inveta hudumu miaka 10 hadi 15, kwa hiyo ingiza bei ya nyingine tangu sasa. Betri ndiyo huvuruga hesabu: ile ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya chaji yake, nayo huchoka mapema, ya lithiamu ni ghali zaidi, lakini huvumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa. Binafsi, ningenunua betri pale tu umeme unapokatika mara kwa mara. Ieleweke pia kwamba inveta ya gridi isiyo na betri hujizima yenyewe pale umeme wa gridi unapokatika, kwa usalama wa mafundi walio kwenye nyaya, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari gizani.

Kabla ya kulipa, litazame paa saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Seli za paneli, vile vipande vidogo vinavyozalisha umeme, zimeungwa kwa mfululizo, hivyo kivuli cha tawi moja au cha tangi huzibana na zile zilizo juani. Na ikiwa mabati yanakaribia kubadilishwa, yabadilishe kwanza, kwa sababu kushusha paneli na kuzipandisha upya ni kumlipa fundi mara mbili.